Kasha la njumu, kiti cha enzi, kitanda cha besera: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umezaliwa na uchovu. Kila wiki naletewa picha ya kasha lililopigwa kwa mbele, jua likimeta kwenye shaba, na swali moja: "Ni la kweli hili?" Nilikuwa nikimjibu kila mtu peke yake, hadi nikajikuta naandika maneno yaleyale usiku kucha. Yanayojirudia nimeyaweka hapa. Ninachokijua ni samani za mwambao wetu, pamoja na zile zilizotujia kwa majahazi kutoka India na Ghuba. Kabati la Kifaransa la enzi za kina Louis mtafute mwingine.

Kasha la Zanzibar ni nini hasa? Na kwa nini unasema mengi hayakutengenezwa Zanzibar?

"Kasha la Zanzibar" ni jina la dukani. Wazee waliliita kasha la njumu, kwa sababu ya mapambo ya shaba na vichwa vya misumari vilivyopangwa juu ya mbao. Makasha mengi ya zamani yalitengenezwa India ya magharibi, yakapakiwa Surat, Bombay na bandari za Malabar, yakaja huku na upepo wa kaskazi. Kusi ilipoanza, majahazi yaligeuza tanga yakarudi na boriti, pembe na karafuu. Seyyid Said alipoyahamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, mji ulijaa nyumba zenye uwezo, na kila nyumba yenye uwezo ilitaka mahali pa kuwekea nguo za harusi, hati, fedha na udi. Kabati la nguo halikuwa jambo la kawaida wakati ule. Nahodha naye alikuwa na kasha lake chomboni.

Mafundi wa Unguja, Lamu na Mombasa nao waliyatengeneza, na mpaka leo wanayatengeneza. Oman linaitwa mandusi na bado ni sehemu ya vyombo vya bibi harusi. Kwa hiyo ukiambiwa "hili limetoka India" usikunje uso. Kasha lililotoka Surat likakaa Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, kwa vizazi vinne ni la Zanzibar zaidi yangu mimi.

Muuzaji kaniambia ni "Shirazi halisi". Kuna Surati na Bombay pia. Tofauti ni kubwa kiasi gani?

Ni majina ya mitindo, na yanatumiwa kiholela. Hayakuambii fundi alikaa wapi. Nimewahi kusikia kasha moja likiitwa Surati asubuhi na Shirazi jioni, kwa kuwa mteja wa jioni alikuwa na kamera kubwa zaidi. Usilipie jina.

Nikisimama mbele ya kasha dukani, nianzie wapi?

Chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali haina fumbo lolote: piga magoti, washa tochi ya simu, angalia tumbo la kasha. Uso wa kasha ndio kila mtu anaoutazama, kwa hiyo ndio kila mdanganyifu anaoushughulikia. Chini na mgongoni wachache hujisumbua napo.

Fundi wa zamani hakupiga randa mahali pasipoonekana. Utakuta mbao imeachwa na alama za msumeno wa mkono: mistari iliyonyooka lakini isiyolingana, mmoja umelala huku na mwingine kule, kwa sababu mkono wa mtu huchoka. Ukikuta alama zilizopinda kama kipande cha duara, hiyo ni kazi ya msumeno wa duara wa mashine. Mistari ikinyooka na kulingana mno kama ya daftari, nayo ni mashine. Tumbo lililopigwa randa laini na kupakwa rangi ileile ya uso, bila doa la maji wala vumbi lililoganda, linataka maelezo. Nyumba zetu zilioshwa kwa ndoo. Miguu ya kasha iliyosimama miaka mia kwenye sakafu ya chokaa lazima ionje maji hayo.

Ukitoka chini nenda mgongoni. Kasha liliegemea ukuta, kwa hiyo mgongo mara nyingi hauna pambo, na rangi yake si sawa na ya mbele kwa kuwa haukupigwa na jua wala kufutwa kwa mafuta ya nazi kila Idi.

Kisha fungua mfuniko. Kwanza vuta harufu. Kasha lililotunza nguo zilizofukizwa udi hubaki na harufu nzito ya kizani, ya mbao kavu na ya watu, na jipya linanuka vanishi. Harufu peke yake haitoshi, maana udi unauzwa, lakini vanishi ikikupiga puani ujue umeshajibiwa nusu. Tazama ukingo wa mbele wa mfuniko, pale mikono iliposhika kila siku: unatakiwa uwe umelainika katikati kuliko pembeni. Tazama bawaba zimekula kiasi gani.

Alama ninayoipenda kuliko zote ni ya komeo. Ulimi wa chuma unaoshuka kutoka kwenye mfuniko hadi kwenye tumbuu, ile pete ya kufungia, huyumba kila kasha linapofunguliwa, na kwa miaka huchora upinde mdogo kwenye mbao, kama mwezi mwandamo. Shika komeo, liyumbishe polepole, uone kama linafuata upinde huo. Likiufuata, hapo kuna miaka. Mkwaruzo ukiwa upo na komeo halifiki pale, ama komeo limebadilishwa ama mkwaruzo umechorwa kwa bisibisi.

Halafu watoto wa chini, yaani zile saraka ndogo ambazo makasha mengine yanazo. Usizivute nusu. Zitoe kabisa, zipindue. Pembe zake zimeunganishwa kwa meno yanayoumana: ya mkono hayalingani, jino moja nene na jingine jembamba, na ya mashine ni mapacha. Upande wa chini, pale saraka inapoburutika, mbao ya zamani imelika, na njia inamopita ndani ya kasha imelika vilevile. Pande hizo mbili lazima zikubaliane. Ndani ya kasha, upande mmoja, huwa pana kijisanduku cha vitu vidogo. Jaribu kusukuma au kuvuta vibao vyake taratibu, maana makasha mengine yana mahali pa siri nyuma yake. Sijawahi kukuta dhahabu. Nimewahi kukuta sindano, shanga na risiti ya kitambaa.

La mwisho, mbao hunywea. Hunywea kwa upana kuliko kwa urefu, kwa hiyo ubao mpana wa zamani hupasuka kidogo au huachana na mwenzake, na mstari wa misumari ya njumu uliokuwa umenyooka huanza kuyumba. Kasha linalodaiwa kuwa na miaka 150 na kila kiungo kimebana kama simu iliyotoka leo kwenye boksi, mimi siligusi.

Misumari na skrubu zinasema kweli?

Zinasema nusu ya kweli, na nusu hiyo inafaa sana. Msumari uliofuliwa kwa mkono una mwili wenye pembe na kichwa kisicholingana. Msumari wa waya, ule wa mviringo tunaoujua wote, ulienea mwishoni mwa karne ya 19. Skrubu za zamani zilikuwa butu mwishoni, na zenye ncha kali zilienea baada ya katikati ya karne hiyohiyo. Skrubu yenye kichwa cha nyota ilianza miaka ya 1930, haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Ukiikuta kwenye bawaba ya kasha la "babu wa babu", ifungue ukiruhusiwa. Chini yake kukiwa na tundu kubwa zaidi la zamani lililozibwa, ni ukarabati tu. Tundu likiwa jipya na mbao ndani ni nyeupe, basi.

Nunua sumaku ndogo, uitie mfukoni. Shaba haivutwi na sumaku, lakini vichwa vingi vya misumari vinavyopigwa kwenye makasha mapya ni bati la chuma lililopakwa rangi ya shaba, uleule msumari wa mafundi makochi. Sumaku ikinasa kwenye msumari mmoja au miwili, kuna aliyeziba mapengo. Ikinasa safu nzima, huna haja ya kuuliza bei.

Matundu ya fukusi si ushahidi wa umri?

Ni ushahidi wa fukusi. Mdudu hula mbao ya mwaka jana kwa furaha ileile. La kutazama ni sura ya tundu: la mdudu ni dogo, la mviringo, na ndani linakata kona, kwa hiyo sindano haiingii mbali. Tundu la keekee linanyooka. Ukiona mifereji ya fukusi imelala wazi juu ya uso wa mbao kama mito kwenye ramani, ujue mbao hiyo ilipasuliwa upya baada ya kuliwa, kwa sababu mdudu hula ndani na hutoka kwa tundu, hachongi barabara juu.

Mafundi wanalizeeshaje kasha jipya?

Kwa chai, kahawa, pamanganeti, chumvi na ndimu kwenye shaba, mnyororo wa kupigia mbao, msasa wa kulegeza kingo, na wiki mbili za mvua uani. Hakuna siri.

Najua kwa sababu kasha langu la kwanza lilikuwa la aina hiyo. Nililipa mara tatu ya nilichokuwa nimepanga, nikalipandisha mkokoteni, nikalifikisha nyumbani kama bibi harusi. Mama alichukua kitambaa kibichi akafuta mfuniko. Kitambaa kikatoka na rangi ya kahawia, akakikamua, akafuta tena, kikatoka vilevile. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, umenunua kasha au birika?"

Nililokosea si macho, ni akili. Niliona kingo zimelika nikafurahi, sikujiuliza zimeliwa na nini. Uchakavu wa kweli una sababu zake: mkono unaofungua, mguu unaopita, ufagio, maji ya sakafuni, jua la dirisha moja. Kwa hiyo hukaa mahali fulani na pengine haufiki. Lile langu lilikuwa limelika pembe zote nane kwa kiasi kimoja, hata pembe za nyuma kwa chini zilizokuwa zimeelekea ukutani. Nani alikuwa akizisugua huko? Panya?

Mbao yake ni nzee kweli, mpaka fundi wangu kakubali. Mbona unasema kasha ni jipya?

Kwa sababu mbao nzee haifanyi samani nzee. Milango iliyovunjwa, boriti za nyumba zilizoanguka, mbavu za majahazi yaliyokufa pwani, vyote hivyo hupasuliwa vikawa meza, vitanda na makasha. Lamu na Unguja kuna karakana zinazofanya kazi hiyo waziwazi, na nyingine ni kazi nzuri sana. Alama zake ni matundu yasiyo na maana pale yalipo, tundu la kiungo cha zamani lililozibwa katikati ya ubao, madoa meusi ya misumari ya chuma yaliyopanga foleni, mabaki ya kalafati (pamba ya kuzibia chombo) kwenye kiungo, rangi ya chombo iliyojificha kwenye ufa. Tazama pia mahali ubao ulipokatwa kuuelekeza kwenye umbo jipya, maana hapo rangi ya ndani ni changa kuliko ya uso.

Ndugu yake ni kasha lenye kichwa cha mmoja na mwili wa mwingine: mfuniko wa kweli, sanduku la kweli, ila havikuzaliwa pamoja. Pima upana. Angalia kama njumu za mfuniko zinaongea na njumu za mbele, na kama mbao ni ya mti mmoja. Msaji na sesemu, ambazo makasha mengi ya zamani yametengenezwa kwazo, ni nzito na mishipa yake imetulia. Mapya mengi utayakuta ya mninga, mkangazi, mfenesi au mwembe. Ukilinyanyua likakuinukia kirahisi, uliza.

Kiti cha enzi kina sifa gani? Nimekiona kimoja kinauzwa.

Polepole hapa, maana ndipo fedha nyingi zinapopotelea.

Kiti cha enzi ni kiti cha heshima cha Lamu, Pate, Siyu na miji ya jirani, kilichokaa ukumbini kwa ajili ya mgeni mkubwa au mwenye mji. Ni cha mpingo au mbao nyingine nyeusi, mgongo umesimama wima, kina pa kuwekea miguu, na vitako vyake vya kukalia na kuegemea vimesukwa kwa kamba nyembamba. Juu ya mbao huchomekwa vipande vya pembe au mfupa kwa nakshi za pembetatu, nyota na duara. Wataalamu hubishana kama umbo lake limetokana na Wareno, na Misri au na India, na sitaki kuingia kwenye ugomvi huo. Ukikikalia utaelewa kuwa hakikutengenezwa kwa starehe. Kimetengenezwa ili anayekaa aonekane.

Vya kweli ni vichache. Vingi viko makumbusho, kwenye familia zisizouza, au nje ya nchi tangu zamani. Nakala zimetengenezwa kwa miaka mingi kwa ajili ya hoteli na nyumba za kifahari, na za mwanzo zenyewe sasa zimeshachakaa kihalali, ndiyo maana zinawadanganya watu. Mimi hutazama mambo matatu. La kwanza ni uzito na rangi: mpingo ni mweusi mpaka ndani, kwa hiyo mahali palipochubuka panabaki peusi. Mbao iliyopakwa rangi ikichubuka hucheka meno meupe. La pili ni vipande vilivyochomekwa. Vya zamani vimekatwa mmojammoja kwa mkono, havilingani, baadhi vimedondoka na kuacha kishimo chenye kingo safi. Vikiwa vyote sawa kama vimetoka kwenye kinu, shaka. La tatu ni kamba. Kamba mpya si kosa, maana kamba hukatika na kiti husukwa upya, lakini matundu inamopita lazima yawe yamelika na kulainika upande inakovutwa. Matundu makali yenye kingo mpya kwenye kiti cha "karne ya 18" yanatosha kukurudisha nyumbani.

Nitajuaje kama ni pembe, mfupa au plastiki?

Pembe ya ndovu ikikatwa kwa kupita, uso wake una mistari myembamba inayokatana kama wavu. Mfupa una vidoa vidogo vyeusi, njia za damu. Plastiki haina chochote, au ina mistari iliyonyooka mno. Tumia kioo cha kukuzia. Kuna watakaokwambia uchome kwa sindano ya moto: kwenye kitu cha watu huo ni uharibifu, na kwenye kitu chako ni uharibifu uliougharamia mwenyewe.

Bibi aliniachia kitanda kirefu chenye nguzo. Ni besera au samadari? Na ni cha zamani?

Besera ni kile kipaa cha juu kinachobebwa na nguzo, na kitanda kimechukua jina lake. Samadari ni kitanda kikubwa cha miguu iliyokerezwa, mara nyingi chenye vioo vilivyochorwa maua au ndege kwenye kichwa chake. Watu huchanganya majina, na kitanda kimoja kinaweza kustahili yote mawili.

Vitanda hufunguka, kwa hiyo huchanganyika. Tendegu, yaani miguu, huishi kuliko mifumbati, zile mbao za ubavuni, na mifumbati huishi kuliko vitakizo, zile mbao za kichwani na miguuni. Mtoto wa tatu akioa, kitanda kinaongezwa upana, mfumbati mmoja unatengenezwa upya mtaani, na tendegu zinakatwa kwa kuwa dari ya nyumba mpya ni fupi. Kwa hiyo usiulize "kitanda ni cha lini", uliza kila kiungo peke yake. Tendegu iliyokerezwa kwa kerezo ya kamba haitalingana na mwenzake kabisa. Weka mbili ubavu kwa ubavu, upime kwa uzi. Vioo vya kale vina mawimbi na vitone vya hewa, na mchoro uko nyuma ya kioo. Kitanda kikiwa futi sita kwa sita kamili, kimetengenezwa kwa ajili ya godoro la kiwandani, haijalishi muuzaji anasema nini. Cha bibi yako pengine kiliwambwa kamba, na matundu ya kamba yapo chini ya mfumbati mpaka leo. Inama.

Viti vya henzirani vya mbao iliyopindwa, vina thamani?

Vinaweza. Kampuni ya Thonet ya Vienna ilianza kuuza kiti chake namba 14 mwaka 1859, kikiwa vipande sita vya mbao tu, na viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye boksi la mita moja ya ujazo, jambo lililokifaa kwa safari za meli. Vikasambaa duniani na kuigwa kila mahali. Pindua kiti utafute lebo ya karatasi au muhuri uliochomwa ndani ya ukingo wa kitako. Bila hivyo bado ni kiti kizuri.

Nilisafishe kwanza kabla ya kulionyesha?

Hapana. Hapana kabisa. Ule weusi wa shaba na ule mng'ao wa mbao uliotokana na mikono ndio unaoulipiwa. Kuna mtu alinipigia simu kwa furaha kuwa kasha la shangazi yake "limerudi kuwa jipya" baada ya fundi kulipiga msasa wa mashine na kulimwagia vanishi. Nilimpa pole, naye hakuelewa nampa pole ya nini.

Kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu kunatosha. Mchwa na fukusi ni jambo jingine: hao hawasubiri, mwite fundi leo.

Kununua nakala ni aibu?

Aibu iko wapi? Anayechonga kasha leo Unguja, akaliuza kama kasha la leo kwa bei ya leo, ni fundi kamili, na kazi ya baadhi yao inaizidi ya Bombay ya zamani. Nyumbani kwangu kuna meza ya mbao za jahazi ninayoipenda kuliko vitu vyangu vingi vya kale, tena watoto wanaruhusiwa kuilia wali. Ugomvi wangu ni na ulimi wa muuzaji. Mara nyingi fundi wala hajui kwamba kasha lake limeongezewa miaka 120 kati ya karakana na duka.

Muuzaji ana hadithi: kasha lilitoka kasri la Sultani.

Yote yalitoka kasri. Makasha niliyoambiwa ni ya Seyyid Barghash yangekuwa yake kweli, asingepata mahali pa kulala. Na waliotembelea Makumbusho ya Kasri pale Forodhani walikuta watawala wa baadaye walikuwa na samani za fomika kama ndugu zetu wa mjini.

Hadithi sizikatai, maana nyingine ni za kweli. Baada ya mwaka 1964 vyombo vya nyumba nyingi za Unguja vilitawanyika, vikauzwa kwa bei ya kutupa au vikaachwa tu, kwa hiyo kitu kikubwa kinaweza kutokea uchochoroni. Lakini hadithi haina bei mpaka iandikwe. Mwambie muuzaji: "Sawa, niandikie kwenye risiti: kasha la msaji, limetengenezwa kabla ya mwaka 1900, bawaba zimebadilishwa." Kisha tazama kalamu. Wa kweli ataandika, au atakwambia kwa unyoofu sehemu asiyo na uhakika nayo. Mwingine ghafla kalamu haina wino.

Naweza kusafirisha nje ya nchi?

Soma hapa kabla ya kulipa. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi, kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 ni cha kale kisheria, na mlango au fremu iliyochongwa kabla ya 1946 inalindwa. Huvitoi nje bila kibali. Tanzania Bara sheria ni ya mwaka 1964, na mpaka wake ni kabla ya 1863 kwa vitu vya kale na kabla ya 1940 kwa milango ya kuchongwa. Zanzibar ina sheria na idara yake. Nenda uulize pale pale, usitegemee neno la dalali.

Kisha kuna CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mpingo na sesemu ni jamii moja ya miti, na jamii nzima inadhibitiwa tangu mwaka 2017. Vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 kwa shehena vimesamehewa, ila kasha la sesemu kilo 10 linazipita likiwa tupu. Kwa pembe ya ndovu sheria ni kali zaidi: Marekani imebana biashara yake tangu 2016 na kuacha mlango mwembamba kwa vitu vilivyofikisha miaka 100, na Uingereza tangu Juni 2022 huuzi kitu chenye pembe ila kwa misamaha michache, kwa mfano kilichotengenezwa kabla ya 1947 chenye pembe chini ya asilimia 10, nacho kisajiliwe. Usidhani utapita kwa sababu kiti ni cha babu. Kwa watu wa forodha hakuna babu.

Nataka kujifunza. Nianzie duka gani?

Usianzie dukani. Nenda Makumbusho ya Lamu na ile Nyumba ya Mswahili ya palepale, nenda Fort Jesus Mombasa, na ukiwa Muscat pita Bait Al Zubair ukaone mandusi. Tazama mpaka jicho lizoee. Baada ya hapo kaa siku nzima na seremala anayekarabati, umwone akifungua kiungo cha zamani. Siku moja ya hiyo inafaa kuliko mwaka wa kupekua picha. Ndipo uende kwenye maduka ya Hurumzi na Gizenga kule Unguja, au Ndia Kuu ya Mombasa, na mara tatu za kwanza acha pochi nyumbani.

Unaweza kunithaminia kwa picha?

Bei sitaji. Umri naweza kubahatisha, ukinitumia picha hizi: tumbo la kasha, mgongo, ndani ya mfuniko, komeo likiwa limefungwa na likiwa wazi, saraka moja iliyotolewa na kupinduliwa, na msumari mmoja kwa karibu, sumaku ikiwa pembeni yake. Picha ya mbele usitume. Hiyo nimeshaiona.